Isidingo imekwisha, bibi bado anataka sehemu mpya

Shikamoo shangazi,

Naomba usinicheke. Nina miaka thelathini na kidogo, nina mume na mtoto mmoja, nauza kwenye duka la dawa huku Mbagala, na tatizo langu linahusu tamthilia.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, Tandika. Mama alifariki mwaka 2000, nikabaki na bibi. Alikuwa anakaanga vitumbua alfajiri, anauza mpaka viishe, mchana analala, jioni ana starehe moja tu: Isidingo ya ITV. Kwa wadogo wasioijua, ilikuwa tamthilia ya Afrika Kusini, habari za mji wa machimbo ya dhahabu unaoitwa Horizon Deep. Ukiutafuta kwenye ramani huupati, wameutunga. Kulikuwa na tajiri Barker Haines, ambaye ukimwona anatabasamu ujue kuna mtu atalizwa. Kulikuwa na Cherel, mwanamke mzuri, nywele hazimtoki mahali pake, na anaua watu. Kulikuwa na akina Matabane, mzee Zeb na mkewe Agnes, na Papa G na baa yake. Mtaa mzima uliwajua. Kina mama walikuwa wanamsema Cherel kisimani utadhani amewakopa hela za mchezo akahama.

TV yetu ilikuwa ya chogo, inchi kumi na nne, antena imefungwa kwenye mti mrefu nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha ni chenga tupu. Natumwa nje kuuzungusha ule mti, na bibi yuko ndani anapiga kelele: "Hapo hapo! Rudi kidogo! Umepitiliza wewe!" Nikirudi nimelowa, Cherel ameshafanya lake na hakuna wa kunihadithia.

Maana wa kuhadithia nilikuwa mimi. Bibi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na Isidingo walikuwa wanachanganya: Kiingereza, Kizulu, Kisotho, Kiafrikana, halafu maandishi ya Kiingereza yanapita chini mbio. Nikawa mkalimani wake nikiwa darasa la tatu, shule ya msingi ya serikali, na Kiingereza changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu na kutaja matunda. Nilikuwa naangalia nyuso, nasikiliza sauti, pengine najazia mwenyewe. Barker akibamiza mlango, nasema, "Anamwambia asimwone tena hapa." Bibi: "Kisa?" Mimi: "Hela." Kwa Barker ukisema hela ulikuwa hukosei sana.

Halafu kulikuwa na Nandipha. Msichana wa watu, mzuri, ana virusi vya UKIMWI. Akitokea huyo bibi alikuwa anasema, "Ongeza sauti," ingawa sauti haimsaidii kitu. Maneno ya daktari niliyaelewa, hayo hata kwa Kiingereza niliyajua. Lakini bibi nilikuwa namwambia, "Anasema amechoka, aende akapumzike." Hakuwahi kuniuliza zaidi. Tuendelee.

Nilipokwenda sekondari ya bweni nikawa naangalia likizo tu. Mwishoni mwa 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar, tukaambiwa kila nyumba iwe na king'amuzi. Bibi akasema hanunui kisanduku ili aangalie kitu alichokuwa anakiangalia bila kisanduku. Mwaka uliofuata akahamia Muheza kwa mama mdogo, kwenye michungwa. Umeme upo, TV hakuna, na macho nayo yakaanza kuingia ukungu.

Tangu hapo kila Jumapili nikimpigia, tukishajuliana hali, tukishamaliza ya vitumbua na ya magoti, ananiambia: "Haya, nipe Isidingo." Mwanzoni nilimpa ya kweli, nilikuwa naangalia kwa jirani. Baadaye kazi, ndoa, mtoto, nikawa sioni tena. Lakini kumwambia "bibi, sijaona" kulinishinda, nikaanza kutunga. Cherel nikamtoa gerezani, nikamrudisha, nikamtoa tena. Barker nikamfilisi. Papa G nikamwoza mjane mmoja mwenye duka la jumla, hiyo harusi ilichukua mwezi.

Machi 2020, wakati kila ukifungua simu ni korona, nikakutana na habari kwamba Isidingo imeonyeshwa mara ya mwisho huko kwao tarehe 12. Ilianza Julai 1998, na SABC, shirika la utangazaji la huko, wameifuta kwa kuwa watazamaji wamepungua na fedha inayoingiza imepungua. Shangazi, nililia. Niko nyuma ya kaunta, wateja wanagombania barakoa na vitakasa mikono, mimi nafuta machozi ya tamthilia ambayo sijaiangalia kwa miaka. Nilipomsimulia mume wangu usiku alicheka mpaka akakaa chini. Jumapili nikampigia bibi, akasema, "Haya, nipe Isidingo," nikampa. Nampa mpaka leo.

Desemba 2024 akafariki Michelle Botes, yule aliyecheza Cherel. Jumapili ile mdomo haukufunguka kumtunga Cherel, nikasema kasafiri. Hajarudi mpaka sasa. Siku nyingine nilikuwa nimechoka na watu wamekuwa wengi, nikaona nipunguze, nikaanza kusema Nandipha anaumwa sana. Bibi akanikatiza: "Huyo usimguse." Nikasema haya, amepata nafuu. Tukaendelea na Papa G.

Sasa bibi anakuja Dar. Ana mtoto wa jicho, amepangiwa upasuaji, na atafikia kwangu. Sebuleni nina TV kubwa ya ukutani, ya intaneti. Ameshaniambia: "Wakinifungua hili jicho, cha kwanza uniwekee Isidingo, niione mwenyewe, nijue kama ulikuwa unanisimulia sawasawa." Mtandaoni nimetafuta, nimepata vipande vipande tu. Mama mdogo anajua kila kitu. Ananiambia nimemfanya mzee mjinga, nimwambie ukweli kabla hajapanda basi, nisipomwambia atamwambia yeye. Mume wangu anasema nimdanganye kwamba king'amuzi kimeisha.

Nina maswali mawili. Je, ni kawaida mtu mzima kuumia hivi kwa ajili ya tamthilia? Maana hata leo nikisikia ule muziki wake wa mwanzo nafurahi, na hapo hapo koo linakaba. La pili, nimwambie bibi, au nitafute namna ya kuendelea?

Mjukuu wa Tandika


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Wewe sikucheki. Mumeo ndiye niliyemcheka, na umwambie hiyo ya king'amuzi bibi atamuumbua kabla ya chai ya saa nne.

Swali lako la kwanza halinipi shida. Ni kawaida, na iko sababu kwa nini tamthilia za aina ya Isidingo zinauma kuliko filamu. Filamu unakaa ukijua baada ya saa mbili watu watasimama waende nyumbani. Hizi za kila siku zinatungwa ili zisiishe. Mwandishi anafungua mkasa wa pili kabla hajafunga wa kwanza. Harusi ya huyu inaangukia siku ya talaka ya yule, na Ijumaa lazima ulale na swali mpaka Jumatatu. Unazoea kudai. Kwa hiyo siku wakikwambia "imekwisha," akili inakubali lakini mwili bado unajiandaa kwa Jumatatu.

Na Isidingo ilikuwa na uzito wake. Gray Hofmeyr alipoianzisha, Afrika Kusini ilikuwa na miaka minne tu tangu uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Akawaweka weusi na weupe kwenye mgodi mmoja, wakikopana, wakioana, wakiibiana. Sisi huku tulikuwa tunaangalia nguo za Cherel, lakini tulikuwa tunaangalia na nchi nzima ikijifunza kukaa sebule moja. Karibu miaka 22. Mtoto aliyezaliwa wiki ya kwanza ya Isidingo alikuwa ameshapita umri wa kuanza kupiga kura ilipozimwa. Waigizaji wamezeeka mbele yetu. Mwingine hakuzeeka: Ashley Callie, aliyecheza Lee, binti wa Barker, alipata ajali ya gari Johannesburg Februari 2008, akafariki siku chache baadaye. Sisi tuliokuwa tunaonyeshwa vipande vya nyuma tuliendelea kumwona Lee anabishana na baba yake, anavaa, anakunywa kahawa, wakati kwao wameshamzika. Mimi nilikuwa natoka nje akitokea, nasingizia sufuria jikoni. Kwa hiyo machozi yako ya kwenye kaunta nayajua.

Wapo waliolitazama jambo hili kisomi. Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kwamba mtazamaji hujenga urafiki na mtu wa kwenye TV. Urafiki wenyewe ni wa upande mmoja, maana yule hakujui, ila wewe unaushika kama urafiki wowote. Waliandika hayo televisheni ikiwa bado ngeni majumbani. Huko huko kwao kulikuwa na tamthilia iitwayo Guiding Light iliyoanzia redioni mwaka 1937, ikahamia kwenye TV 1952, na ikazimwa Septemba 2009. Wapo walioanza kuisikiliza wakiwa wasichana wakaja kuiaga wakiwa na vitukuu. Ukiwaambia hao kwamba ni mchezo tu, watakufukuza.

Hilo limekwisha. Sasa nikwambie kilichonifanya niisome barua yako mara ya pili.

Umeniandikia mengi kuhusu Cherel, Barker, antena na harusi ya Papa G, ambayo kwa kweli ningependa kuihudhuria. Mama yako umempa sentensi moja: alifariki mwaka 2000, nikabaki na bibi. Nandipha ukampa mistari michache, na ulipofika pale bibi asipouliza zaidi, ukaandika "Tuendelee." Ukaruka mpaka sekondari.

Sikuulizi mama aliumwa nini. Hukusema, na hunihusu. Nasoma tu ulichoandika mwenyewe. Mtoto wa darasa la tatu ambaye Kiingereza chake ni cha kutaja maembe na mananasi, maneno ya daktari aliyajua. Akayaficha. Akampa bibi yake maneno mepesi, amechoka, akapumzike. Na bibi, ambaye haelewi neno hata moja la mle ndani, anaomba sauti iongezwe. Naona watu wawili kwenye mkeka mmoja, kila mmoja anamkinga mwenzake na habari ambayo wote wanayo.

Kumbuka ilikuwa miaka gani. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali hapa kwetu mwaka 2004. Kabla ya hapo, mitaani kwetu, tulimjua mtu anaumwa, kisha tukaenda msibani, na hata msibani ugonjwa haukutajwa. Ilisemwa "aliumwa muda mrefu," watu wakaangalia chini. Halafu anatokea huyu Nandipha, ana virusi, amejulikana kuwa anavyo, na kesho jioni yupo. Keshokutwa yupo. Anapenda, anagombana, anavaa vizuri. Sijui kama waandishi wake walijua kwamba Tandika kuna bibi anataka sauti iongezwe kila huyo binti akitokea, lakini kama kuna kazi tamthilia ile iliifanya vizuri ni hiyo ya kumwacha awepo kesho.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini ulilia, nadhani tarehe 12 Machi ilikufungia mahali pekee ambapo wewe na bibi mlikuwa mnakaa na mama yako bila kumtaja. Ndiyo maana uliendelea kutunga. Mume wako angecheka kidogo zaidi angejua hilo. Mweleze.

Swali la pili. Mwambie.

Tena nina neno: nadhani bibi anajua, na anajua siku nyingi. Tazama alichokwambia ulipotaka kumlaza Nandipha kitandani. Mtu anayeamini unamsimulia ulichokiona angesema, "Masikini, na yeye?" Angesema, "Ehe, ikawaje?" Bibi yako amesema, "Huyo usimguse." Hiyo ni kauli ya kumwambia anayetunga. Na ile ya kwamba jicho likifunguliwa atajua kama ulikuwa unasimulia sawasawa, mwanangu, huyo mzee anakutania. Amekusubiri umwambie, ameona humwambii, sasa anakuja na basi.

Usidhani wazee hawa ni wageni wa mambo ya kutunga. Wamekua na Redio Tanzania. Walicheka na Pwagu na Pwaguzi. Mwaka 1993 ilipoanza Twende na Wakati, yule dereva wa lori, Mkwaju, alikuwa na mwanamke kila kituo na watu wanamgombeza wakiwa wameishikilia redio mkononi, na mkewe Tunu alipomwacha wapo waliopumua. Walijua kuna mtu mahali amekaa na kalamu. Hilo halikuwazuia kumchukia Mkwaju. Bibi anaweza kujua kwamba unatunga na bado akataka kujua Papa G amefikia wapi na yule mjane.

Inawezekana nimekosea, hajui lolote, na atakasirika. Basi akasirike, ana haki. Atakununia siku mbili, atakula huku amekupa mgongo, utavumilia. Amekulea, hasira zake unazijua zinapoanzia na zinapoishia.

Namna ya kumwambia ndiyo ya kuangalia. Usimwambie kwa simu. Ukimwambia kwa simu ataibeba habari hiyo peke yake njia nzima kutoka Muheza, na akifika atakuwa ameshaitafuna mpaka imekuwa kitu kingine. Usimwambie kwenye foleni ya hospitali pia, pale ana wasiwasi wake wa jicho na watu wanasikiliza. Mwambie usiku wa kwanza, ameshaoga, ameshakula, mtoto amelala. Mumeo aende akaangalie mpira kwa jirani.

Na iwe fupi: "Bibi, Isidingo iliisha mwaka 2020. Zote nilizokusimulia baada ya hapo nimetunga, na nyingine za kabla ya hapo." Usijieleze sana. Usianze kulia wewe, maana akiona unalia atakubembeleza, na mazungumzo yatakuwa yako badala ya kuwa yake. Akiuliza kwa nini, mwambie ulivyonieleza mimi, kwamba kumwambia hujaona kulikushinda. Kisha nyamaza. Najua kunyamaza ni kugumu kwa mtu aliyezoea kujazia maneno tangu darasa la tatu, lakini nyamaza.

Mazungumzo yakiwa mazuri, muulize swali moja: "Bibi, kwa nini Nandipha nisimguse?" Akikujibu kwa habari za mama yako, sikiliza, usimkatize, usimrahisishie. Akikujibu "Nina usingizi," mtandikie alale. Atakuwa amesikia swali. Wazee wana siku zao za kujibu, na anakaa kwako wiki kadhaa.

Mama mdogo. Amesema kweli kwamba ukweli usemwe, ila si yeye wa kuusema. Mpigie leo, umwombe akuachie mpaka usiku huo. Na ukimpigia usimjibu kwa ukali, hata kama amekuita mwongo. Kumbuka huyo aliondokewa na dada yake. Amekaa na mama yake Muheza miaka yote hii, na kila Jumapili anamsikia anacheka kwenye simu na mtu mwingine, wanasimuliana kitu ambacho yeye hakuwahi kukaa nacho mkekani. Pengine ana wivu kidogo. Pengine naye angependa kuulizwa. Ukiona inafaa, mkaribishe aje na bibi, alale hapo hapo.

Vile vipande ulivyovipata mtandaoni vihifadhi, vitafaa, lakini usivifanyie sherehe. Kwanza, jicho likishafanyiwa upasuaji kuna masharti. Fuata ya daktari wenu: matone kwa saa zake, asijisugue, asiiname ovyo, na TV kubwa ya ukutani isubiri mpaka aruhusiwe. Atalalamika. Siku akiruhusiwa, mwekee kipande kimojawapo, chochote, cha Barker kikipatikana ni bora, na wewe usitafsiri hata neno. Mwache aangalie nyuso kama ulivyokuwa unaziangalia wewe, akwambie yeye wanasema nini. Ukiona anakosea usimrekebishe. Sidhani kama wewe ulipokuwa unakosea yeye hakukuona.

Baada ya hapo kama Jumapili moja akikaa akasema, "Haya, nipe Isidingo," mpe bila kusita. Mtakuwa mmekubaliana. Unaweza hata kumwambia na yeye achukue zamu, mtu aliyekaanga vitumbua Tandika miaka yote ile na kusikia ya kila nyumba ana mikasa kuliko Horizon Deep nzima. Na Cherel mrudishe kutoka safarini, amekaa sana. Nandipha umeshaambiwa.

Ukipata nafasi niandikie ilivyokuwa. Niambie na Barker, maana kwako umemfilisi, na mimi mara ya mwisho kumwona alikuwa na hela zote, na sijapenda kusikia habari hiyo kwa njia ya barua.

Shangazi